Maji ya Nesi

Kwetu Wanyakyusa, mwanamke haonani na baba mkwe wake. Basi nesi wa zahanati alipokuja nyumbani na kutaka familia nzima ikae pamoja, mimi mwenye mimba nilibaki jikoni, nikisikiliza dirishani. Miguu ilikuwa imevimba hadi kandambili hazinitoshi, na kichwa kinanigonga.

"Mama mjamzito anaendeleaje?" nesi aliuliza.

"Hajambo kabisa," baba mkwe akajibu.

Hajambo! Amenionea wapi? Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mwishowe nikaangusha sufuria makusudi. Sebuleni waliendelea kumshukuru nesi kwa kututembelea.

Kisha nikamsikia akiomba maji ya kunywa. Wifi yangu akainuka aje kumchotea.

"Kaa tu," nesi akamwambia. "Nitayafuata mwenyewe jikoni."