Nilikwenda London Kumfukuza Marehemu

Safari hii sikuipanga mimi. Ilipangwa sebuleni kwa baba yetu mdogo, Korogwe, Ijumaa moja baada ya sala. Dada yangu Mwanaidi, anayeishi London kwa mwaka wa ishirini na tatu sasa, alikuwa amemwambia shangazi katika simu kwamba mumewe, Hamza, hurudi nyumbani kila siku saa kumi na nusu alasiri: dada husikia funguo zikitua mezani, kisha kikohozi cha mumewe ngazini. Hamza alikuwa amefariki karibu mwaka mzima kabla ya simu ile.

“Wewe ndiye uliyesoma,” baba mdogo aliniambia mbele ya wote. “Kila wiki unawakemea watu gazetini kwa ushirikina wao. Basi leo ushirikina uko kwetu. Nenda kamtoe Mwanaidi katika nyumba ile, ahamie kwingine, kabla akili haijamruka.”

Nilikubali upesi mno. Naona haya kukiri kuwa nilifurahi. Mimi ni mkufunzi wa historia katika chuo cha ualimu, nina umri wa miaka hamsini na minne, na kwa muda mrefu nimejihesabu kuwa adui wa hirizi, ramli na kila hofu isiyo na hoja. Sandukuni nilitia vitabu vitatu na kanzu mbili. Sikutia hata kitu kimoja cha kumpelekea mfiwa.

Jumanne jioni, angani. Shangazi alikuwa amedokeza kuwa Mwanaidi ana jirani Mmarekani, mwanamke mjane, ambaye “humjaza maneno”. Kwa hiyo njia nzima nilisoma habari za Wamarekani na mizuka yao, na daftari langu likajaa. Niliandika kuwa kwao mtu aliyenunua nyumba na kuambiwa baadaye kuwa ina mizuka amewahi kwenda mahakamani kudai haki yake. Niliandika habari za miji ambako watalii hutembezwa kwa magari kutazama nyumba walimouawa watu, na za watu wazima wanaoingia magofuni na mitambo, mbele ya kamera, wakiuliza chumba kitupu, “Nani yupo?” Nikarudi nyuma hadi ile karne yao ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambapo akina mama waliketi kuzunguka meza wakingoja marehemu abishe hodi chini ya mbao. Kila mstari niliucheka. Pembeni nikaandika: taifa lililotua mwezini linaogopa ngazi za nyumba yake. Sentensi hiyo ilinipendeza sana.

London, Jumatano asubuhi. Mwanaidi alinipokea kituo cha treni cha Thornton Heath, akiwa bado amevaa sare ya kazi yake ya kuhudumia wazee. Alikuwa amepungua mwili, lakini aliniwahi yeye.

“Kaka, umekonda! Au ndiyo uzee?”

“Ni vitabu.”

“Vitabu havijawahi kumnenepesha mtu, hilo nalijua.”

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Oktoba. Katika vioo vya maduka ya barabara kuu, kati ya ndizi mzungu na vitambaa vya vitenge, yalining’inizwa mafuvu ya plastiki na maboga yaliyochongwa meno. Nikaanza kumweleza kuwa sikukuu hii ya mizuka imeenezwa na Wamarekani.

“Watoto wanapita kuomba peremende tu, kaka,” alinikata. “Usianze. Hata chai hujanywa.”

Saa kumi na nusu, siku hiyo hiyo. Hodi ilibishwa, nami nikakaa wima. Aliyeingia ni mwanamke mweusi mrefu wa miaka sabini hivi, mkononi ana kikombe chake mwenyewe. Huyo ndiye Bi Odessa, Mmarekani wa nyumba ya pili, aliyeletwa London na ndoa zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Aliketi bila kukaribishwa, kama mtu wa nyumbani. Mwanaidi aliacha kuzungumza. Kitu kiligonga huko ukumbini, tik, tik.

“Umesikia?” dada yangu aliniuliza kwa sauti ya chini.

“Bomba la maji ya moto, linapoanza kupasha nyumba,” nilisema.

Bi Odessa alimshika mkono, wakakaa hivyo kama robo saa, kisha wakaanza kuzungumza habari za bei ya vitunguu. Nikaandika daftarini: hali ni mbaya kuliko tulivyodhani.

Ijumaa alasiri. Nilimsogelea Bi Odessa kwa unafiki, nikajifanya mtafiti mwenye shauku. Naye, kwa kuwa ni mtu mwema, alinieleza yote. Alikulia kwa bibi yake, pwani ya Carolina ya Kusini, katika kijiji cha wajukuu wa watumwa. Dari la baraza ya bibi lilipakwa rangi ya samawati, ili mizuka iione kama maji isivuke kuingia ndani. Mtu akifa, vioo vilifunikwa na saa ilisimamishwa. Kila alasiri bibi huyo alikaa kizingitini akiwasalimu, kwa majina, watu ambao mjukuu wake hakuwaona. Bi Odessa aliniambia kuwa yeye hamwambii kila mtu mambo haya, maana watu hucheka.

“Mimi sicheki,” nilimwambia, kalamu mkononi.

Jumamosi asubuhi, Edgware Road. Kesho yake ilikuwa hitima ya mwaka wa Hamza, na Mwanaidi alinituma tende na halua, niongozane na Mzee Salim, Mpemba aliyekuwa dereva wa basi pamoja na marehemu. Tulipita kati ya mikahawa ya Waarabu na wageni wa Kiomani, naye akizungumza kwa furaha.

“Hamza akikusoma wewe kwenye simu, pale bohari ya mabasi, saa ya mapumziko. Akitusomea sote, tutake tusitake. ‘Huyu ni shemegi yangu,’ akisema, ‘kalamu yake haimwogopi mtu.’ Hata alipolazwa akitusomea. Akikutaraji, ujue.”

Nilimwuliza halua ya zafarani iko duka lipi.

Jumapili, baada ya adhuhuri. Wageni walikuwa kama ishirini, wanaume sebuleni, wanawake chumba cha nyuma, na mlango kati yao umeachwa wazi kwa sababu nyumba ni ndogo. Hitima ilisomwa, biriani ikaliwa. Bi Odessa alikuwa kati ya wanawake, amejifunga mtandio wa Mwanaidi, kando ya sufuria ya wali mwekundu alioupika mwenyewe kwa desturi ya kwao. Chai ilipomiminwa, mtu mmoja akasema, “Mwalimu ametoka nyumbani, atupe maneno mawili.”

Nilisimama pale mlangoni, vyumba vyote viwili vinione, nikatoa maneno kama elfu mbili. Nilisema kwamba sisi Waafrika tunachekwa kwa majini yetu, lakini njooni muwaone wakubwa wa dunia. Nikawasimulia kesi ya nyumba yenye mizuka, na akina mama wa vita na meza zao, nikaigiza yule wa mitambo akiuliza chumba kitupu. Walicheka, na kicheko kikanipandisha. Ndipo nikafika kwenye baraza ya samawati. Nikamwigiza ajuza akiisalimu hewa: “U hali gani, fulani? Pita, fulani!” Nikamalizia kwamba maradhi haya huambukizwa kwa jirani, na kwamba yapo yaliyokwisha kuvuka bahari na kuingia nyumba ya Kiislamu. Sikutaja jina. Nilinyoosha kidevu tu kumwelekea aliyejifunga mtandio wa kuazima. Kicheko cha safari hii kilikuwa kifupi, na macho yote yakakifuata kidevu changu.

Bi Odessa alimgeukia dada yangu. “Amesema nini?”

Hapa lazima nieleze kosa langu, maana ni kosa letu wengi. Tunapokuwa mbele ya mgeni asiyejua Kiswahili, tunakitumia kama ukuta, tukamsema akiwa ameketi hapo hapo. Na iwapo atauliza, tunamtegemea mkalimani. Mkalimani kwetu ni mpishi, hapeleki mezani kitu kibichi. Mimi mwenyewe nimewakalimania wazee wetu mara nyingi, na tusi likipita kwangu hutoka limekuwa shukrani. Nilingoja Mwanaidi aseme, “Kaka anawashukuru majirani.”

Mwanaidi alitafsiri kila neno. Hakupandisha sauti. Alitafsiri ajuza, hewa, maradhi, kuambukiza, na alipofika mwisho akasema, “Kisha akakuonyesha wewe kwa kidevu.” Kiingereza nakijua vizuri, na sijapata kusikia maneno yangu yakiwa uchi namna ile.

Bi Odessa akajibu, na Mwanaidi akatugeuzia jibu lake kwa Kiswahili ili hata wa sebuleni wasikie:

“Anasema, mwambie kaka yako sijakasirika. Wale waliosalimiwa na bibi yangu walikuwa ndugu wa wazazi wake. Waliuzwa, na mpaka leo hatujui walizikwa wapi. Angeenda kumsalimu nani, kaburi gani? Anasema hata wale akina mama wa vita, watoto wao walifukiwa mbali bila wao kuwaona, ndiyo maana walisikia hodi. Anasema hajui kama anayekuja hapa ni Hamza. Anajua kwamba saa kumi na nusu mimi Mwanaidi siwezi kukaa peke yangu. Kwa hiyo huja na kikombe chake.”

Kisha Mwanaidi akanitazama. “Haya mengine si yake, ni yangu. Kaka, hukuja kumzika. Umekuja kumfukuza.”

Hamza alilazwa wiki sita, na mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Alipofariki nilituma ujumbe wa simu wenye aya moja na neno “poleni”. Ujumbe ule ule nilikuwa nimewatumia wafiwa wengine wawili mwezi ule. Sikupiga simu hata mara moja.

“Mwalimu, kaa unywe chai,” Mzee Salim alisema hatimaye. “Nyinyi mukishapewa chaki, kengele hamuisikii.”

Nilikaa. Watu wakacheka kwa huruma, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama wangenizomea.

Jumatatu asubuhi. Nilibisha mlango wa Bi Odessa nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikanitoka vipande. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Mimi umeniaibisha mchana mmoja,” alisema. “Anayekudai yuko nyumba ya pili.”

Siku hiyo, saa kumi na nusu, niliomba kuketi nao. Bomba likagonga. Mwanaidi hakuniuliza kama nimesikia, kwa hiyo nikauliza mimi: “Akiingia, alikuwa akianza na nini?”

Alinitazama kwa muda, akipima kama natega mtego. Kisha akasema kuwa Hamza aliweka funguo, akavua kiatu cha kushoto kwanza, akaita jina lake akiwa bado ngazini, hata kama anamwona. Alizungumza mpaka chai ikapoa. Katika muda wote huo niligundua kuwa mtu yule, aliyenisoma mpaka kitandani mwa hospitali, mimi nilimjua kwa jina na kazi tu. Sikuiamini mizuka siku ile, na siiamini leo. Lakini nilikuwa nimesoma habari za waliofiwa miaka yote, nikadhani nasoma habari za wajinga.

Alhamisi, kiwanja cha ndege. Sikumtaja baba mdogo wala suala la kuhama. Mwanaidi alinipa mkono. “Ufike salama, Mwalimu,” alisema. Maishani mwake mwote hakuwa amewahi kuniita hivyo, bali kaka. Nilitamani kumsihi anisamehe, nikaona kuwa sina haki ya kumharakisha.

Korogwe, Ijumaa baada ya sala. Wazee walikuwa wamekusanyika, na shangazi ameketi karibu na mlango. “Haya, msomi,” alisema baba mdogo. “Umemtoa?”

Niliwaeleza yote, hata kidevu changu. Nikawaambia kuwa dada yangu haumwi. Kisha nikauliza nani kati yetu aliyempigia Mwanaidi simu tangu mumewe afe, kuanza yeye kupiga, si kujibu simu yake. Shangazi akakiri kuwa hata ile simu yake, Mwanaidi ndiye aliyepiga. Baba mdogo akarekebisha kofia yake. Tukaanza kuhesabu, mtu mmoja mmoja, na hesabu ile haikutuchukua muda.