Nilimkanya, Hakusikia

Mama mdogo wangu, mdogo wa mama aliyenizaa, ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita hivyohivyo: Fundi. Kazi nimejifunza kwake, katika chumba chake cha mbele chenye dirisha linalotazama barabara. Kila nikisimulia habari zake damu hunichemka, kwa hiyo mnivumilie.

Biblia aliijua tangu utotoni. Bibi yangu, yaani mama yake, alipofuka mapema, na mama mdogo ndiye aliyekuwa akimsomea kila jioni, akimaliza anaanza upya. Bibi hakuwa msikilizaji mpole. Alikuwa akimkatiza: kwani huyo mtume anamjibu nani? Juzi si alisema vingine? Rudi nyuma usome. Mtoto akazoea kurudi nyuma na kusoma.

Akaolewa na mtunza ghala mwenye sauti nzuri. Baba mdogo akisalimia tu, watu hugeuka. Kanisani walimpenda, wakampa zamu ya kuhubiri, na hapo ndipo utaratibu wao ulipoanza. Kila Jumamosi mchana baba mdogo alikuja kukaa kwenye stuli ya wateja. Mama mdogo, pini mdomoni, akikunja pindo la sketi ya mtu, alimpa somo la kesho: anzia hapa, hapa ngoja kidogo, hapa watacheka, usibabaike. Baba mdogo alirudia mpaka likamkaa. Mimi nilipiga pasi na kufunga mdomo. Jumapili watu walimpa mkono mlangoni wakimwambia Mungu amemjalia. Mama mdogo hakuwa na kinyongo, kwa sababu na yeye alikuwa na lake: darasa la mabinti baada ya ibada.

Darasa hilo ndilo lililompa raha duniani. Mabinti waliuliza chochote, na vijana wa kiume nao wakaanza kujipenyeza viti vya nyuma. Siku moja binti wa muuza maziwa akauliza kwa nini wanawake wafunike vichwa. Mama mdogo akawasomea sura nzima, na ugumu wake hakuwaficha: mtume anaanza kwa kudai kifuniko, halafu mwishoni anasema mwanamke amepewa nywele ndefu ziwe kifuniko. Sasa mimi je, akawauliza, akavua kitambaa. Nywele alikuwa amezipunguza karibu na ngozi, maana alichoka kuokota nyuzi humo. Darasa zima likacheka, na yeye akacheka nao, kisha akajifunga kitambaa chake na kuendelea.

Kicheko hicho kiliwafikia wazee wa kanisa kabla yeye hajafika nyumbani. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu ambaye bado anawatazama watu wazima kama anayetaka kuwakagua kucha, akaitisha kikao. Mwanamke anafundisha wanaume, tena kichwa wazi! Na kwa kuwa mwanamke hasemi kikaoni, mumewe atamjibia. Akijibu vizuri, darasa litabaki kwa mkewe. Akishindwa, litaondolewa.

Wiki hiyo baba mdogo alikuwa anatoka ghalani anakuja moja kwa moja kwenye stuli. Mama mdogo alimwambia awaulize wazee hivi: mtume anayewaambia wanawake wanyamaze, si ndiye aliyewaeleza katika barua hiyohiyo wawe vipi vichwani wanapoomba na kutoa unabii? Nani anatoa unabii kinywa kimefungwa? Basi kuna fujo fulani alikuwa anaituliza pale, hakuwa anawaziba midomo wanawake wote wa dunia. Na yule mwanamke mshona mahema wa kwenye Biblia, akaongeza kwa fahari ya fundi mwenzake, aliyemchukua mhubiri mzima nyumbani, yeye na mumewe, wakamnyoosha mafundisho yake, je? Baba mdogo alishika yote. Hata mimi niliyashika.

Kikaoni wanawake tuliruhusiwa kukaa nyuma. Baba mdogo akasimama, akaanza, na ile sauti ikajaa chumba. Alipofika kwenye unabii niliona baadhi ya wazee wakitikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti akavua miwani.

"Maneno mazuri," akasema. "Ni yako, au umefundishwa na mkeo?"

Kila mtu alijua kwamba baba mdogo alikuwa anatajwatajwa kwa nafasi ya uzee wa kanisa, na kwamba wazee hawakumtaka mwanaume anayeongozwa na mkewe. Neno moja la kweli lingemkosesha cheo, basi, si zaidi ya hapo. Akatazama sakafu.

"Nilimkanya," akasema. "Hakusikia."

Mama mdogo alinishika mkono, akaubana mpaka vidole vikaniuma, na hakuuachia hadi sala ya kufunga. Darasa wakamnyang'anya, wakampa mumewe. Uzee nao akaupata.

Na Jumamosi akaja, akakaa palepale. Natamani ningemwekea pasi ya moto mapajani. Akauliza kesho aanzie wapi. Nikangoja mama mdogo amfukuze, na yeye akamwambia aanzie wapi. Tulipobaki wawili nikamuuliza kama hana uchungu. Alisema anao, ila mabinti hawana kosa, wasije wakalishwa upuuzi kwa sababu ya hasira zake. Basi akaendelea kumwandalia, na Jumapili akikaa benchi la nyuma darasani, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, akisikiliza maneno yake mwenyewe yakisifiwa.

Mpaka siku binti wa muuza maziwa aliposimama tena. Akauliza, kama wanawake wa barua ile walitoa unabii, mbona Fundi hafundishi siku hizi? Swali hilo hawakuwa wameliandalia jibu. Kwa mazoea baba mdogo akageuka kumtazama mkewe, na darasa zima likageuka. Mama mdogo akainuka kidogo kwenye benchi. Baba mdogo alipoona anataka kusema, akamuwahi.

"Kaa chini, binti," akasema, kwa sauti ile nzuri. "Mwanamke haulizi kanisani. Kamuulize baba yako nyumbani."

Binti akakaa. Jumapili iliyofuata hakuja, wala hajaja tena.

Siku ile ya swali, tulipokuwa tunarudi, nilimtukana baba mdogo njia nzima, na mama mdogo akaniacha nimalize.

"Huyo peke yake asingemaliza hata mwezi mbele ya darasa lile," akasema. "Yule binti nimemkalisha mimi."