Wadroma Walipojifunza Kunong'ona

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutunga lugha sikujua kama nimeianza. Nilikuwa mpishi. Studio ya filamu niliyoipikia ilikuwa nyumba ya zamani pale Mengo, Kampala, yenye baraza pana na jiko la nyuma, nami nilikuwa langoni nikimgombeza muuza mkaa aliyeniletea gunia lililolowa. Nilimgombeza kwa Kiswahili. Nimezaliwa na kukulia katika kambi ya polisi, na mtoto wa kambi akikasirika ulimi wake unarudi kambini wenyewe.

Mkurugenzi wa Filamu akatoka ndani. Mtu mzima mwenye mvi, koti safi, lakini uso ulikuwa umemwisha damu.

"Nani anaongea hivyo kwa mlango yangu?"

"Ni mimi, ssebo," nikamjibu, yaani bwana kwa Kiluganda. "Mkaa umelowa."

Akashuka barazani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Jjajja, wewe acha sufuria," akasema, akiniita bibi kwa Kiluganda. "Hii sauti ndiyo mimi natafuta."

Mtu wa Kampala wa umri wangu hahitaji kuelezwa. Nyinyi vijana nitawaeleza. Kiswahili hapa kwetu hakikuja na vitabu wala mashairi. Kilikuja na jeshi na polisi, na kwa watu wengi ilikuwa ndiyo lugha inayopiga teke mlango. Kwetu sisi watoto wa kambini ilikuwa lugha ya kuambiwa nawa miguu, njoo ule. Maneno ni yaleyale. Lakini ukiwa upande huu wa mlango unayasikia tofauti na aliye upande ule.

Filamu ilikuwa ya dunia ambayo haipo. Kuna mji juu ya vilima, na kuna jeshi linatoka chini ya mlima kuja kuuteketeza. Jeshi hilo ni Wadroma, na Mkurugenzi alitaka waseme lugha yao, Kidroma, isiyofanana na lugha ya mtu yeyote aliye hai. Kazi ya kuitunga alipewa Mtaalamu wa Lugha, msichana Mkenya aitwaye Mercy. Yeye alisoma mpaka yakamwishia madarasa. Mimi niliachia darasa la nne. Yeye aliandika, mimi nikasema. Cheo changu kiliitwa Mjaribu Sauti, na nilikaa nacho miaka minne.

Nitasema jinsi tulivyofanya. Kwanza unachagua sauti. Kuna sauti zinazotoka mdomo ukiwa wazi, kama a na o, hizo Mercy aliziita irabu. Nyingine zinazuiwa njiani na meno, na midomo au na koo, hizo ni konsonanti. Mkurugenzi aliamuru kila neno la Kidroma liishie kwenye sauti iliyozuiwa, lifunge kama mlango unaobamizwa. Toka ni grakh. Nyamaza ni drumk. Kisha unapanga maneno. Kitendo kinatangulia, mtu anafuata, kwa hiyo hawasemi askari amekwenda, wanasema amekwenda askari. Na kitendo chao hakina jana wala kesho. Kuna kilichofanyika na kisichofanyika bado. Nilipoelezwa hivyo nilicheka, maana hata sajini wa kambini kwetu alikuwa hajui wakati mwingine zaidi ya hizo mbili.

Mercy alikuwa na karatasi zake, mimi nilikuwa na jerikani. Nilijaza maji pale bombani nikapanda nalo ngazi huku nasema sentensi aliyotunga. Ikikatika katikati ya ngazi, haifai. Askari anasema akihema, hasemi amekaa darasani.

"Zgrakht haisemeki," nikamwambia siku moja. "Hiyo t ya mwisho nimeiacha ngazi ya tatu."

"Shosho, hiyo t ndiyo inaonyesha ni wengi!" Shosho ndiye bibi kwa Wakenya.

"Wakija wengi utawaona. Toa."

Akatoa, lakini hakuniongelesha mpaka chai. Mtihani wa pili ulikuwa wa posho mdomoni, ndio ugali wa kwetu, kwa sababu askari hula haraka na amri haingoji ameze. Huo nao uliangusha maneno mengi. Kwa njia hiyo Kidroma kikaanza kuwa na mwili. Mercy akazoea, mwishowe akawa anapanda ngazi na jerikani lake mwenyewe.

Mwaka wa tatu tulihamishiwa Namuwongo, kwenye ghala karibu na reli, ndiko walikojenga mji wa mbao wa kuchoma. Huko nikapewa kuwafundisha waigizaji. Mkuu wao alikuwa Opio, mrefu, mpole, baba yake alikuwa askari kama wangu. Alijifunza upesi. Jioni moja tukingoja gari, akaniuliza, "Mama, Mdroma akirudi nyumbani anamwambia nini mtoto wake?"

Nikayahesabu maneno yetu kwa vidole. Tulikuwa na maneno ya kuchoma ya namna tisa, na hatukuwa na moja la kumbembeleza mtoto. Nikajaribu kusema drumk polepole, karibu na sikio lake. Bado ulikuwa mlango uliobamizwa.

Asubuhi nikampelekea Mkurugenzi shida hiyo. Mercy alikuwa pamoja nami, kwa hiyo tulisema Kiswahili, maana Kiluganda hakijui.

"Hapana," akasema. "Hawa watu hakuna mtoto."

"Kila jeshi lina watoto, ssebo. Mimi nilikuwa mmoja wao."

Akasimama. "Jjajja, mimi naheshimu wewe. Lakini neno laini katika hii lugha, moja tu nikisikia, wewe narudi jikoni na huyu mwigizaji narudi kwao. Umesikia?"

Nilisikia. Sikutii. Nasema hivyo bila kujivunia, maana katika kazi zangu zote nimekuwa mtu wa kutii. Lakini lugha tuliyoitengeneza ilikuwa na mdomo bila sikio, na mimi ndiye niliyekuwa nimewekwa kuijaribu. Nikamwambia Mercy, tulegeze mwisho wa neno, tuuache wazi. Mtoto aambiwe drumo badala ya drumk. Kitu kidogo au kipenzi, mwisho wake usifungwe. Mercy alikunja uso, akaangalia mlangoni, kisha akaandika kwenye ukurasa wa nyuma kabisa wa daftari lake. Nikamfundisha Opio akiwa anapakwa rangi ya uso. "Hii si ya kamera," nikamwambia. "Ni ili ujue unayemwigiza anatoka wapi."

Ikaja siku ya kurekodi uvamizi wa nyumba. Mtoto wa mama aliyewapaka waigizaji rangi, Nankya, wa miaka mitano, alipangiwa kujificha chini ya meza. Opio aingie, ainue kitambaa cha meza, apige kelele grakh, amburute nje. Walikuwa wamefanya mazoezi naye, anacheka. Lakini siku hiyo Opio alikuwa amevaa kofia ya pembe, moshi umejaa, na aliposema lile neno kwa sauti ya kweli, mtoto alipiga yowe lisilokuwa la kuigiza. Akakumbatia mguu wa meza. Akajikojolea.

Mama yake alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, akaanza kukimbia kuzunguka. Opio hakungoja. Aliweka mkuki chini, akachuchumaa na pembe zake zote, akasogeza kichwa chini ya meza.

"Drumo," akasema kwa sauti ya chini. "Drumo, drumo le."

Nilijua kazi yangu imekwisha. Nikamtazama Mkurugenzi, nikingoja afoke. Kamera zilikuwa bado zinazunguka na yeye ndiye wa kusema simama. Hakusema. Nankya alinyamaza kidogo kidogo, akashika pembe moja, akauliza kwa Kiluganda kama ni ya ng'ombe. Ndipo mama yake akafika akambeba.

Mkurugenzi akaagiza watu wote waende kula. Mimi akaniambia nibaki, na Mercy abaki. Akakaa juu ya sanduku la taa. Aliongea Kiluganda safari hii, Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote.

Alikuwa na umri wa Nankya, akasema. Miaka ile ya vurugu. Wanaume waliingia kwao Nateete, wakamchukua baba yake, hakurudi. Yeye alikuwa chini ya meza. Mmoja aliinua kitambaa akamwona, wakatazamana. Yule mtu akasema maneno kwa Kiswahili, akashusha kitambaa, akatoka. Yeye hakujua Kiswahili. Maisha yake yote aliamini aliambiwa kwamba watarudi kumchukua na yeye.

"Wewe ni wa kambini," akasema. "Niambie alisema nini."

"Sikuwepo, ssebo. Siwezi kukutungia."

"Unajaribu sauti. Jaribu."

Basi nikajaribu. Nilisema kila ambacho askari angeweza kumwambia mtoto. Nikayasema kwa ukali, vile mnavyotusikia siku zote. Akatikisa kichwa kila mara. Nikakumbuka baba yangu, alipokuwa akirudi kazini tumeshalala na hataki kuwaamsha wadogo. Nikashusha sauti. "Tulia hapo. Usitoke."

Akainua mkono.

"Maneno sijui," akasema. "Lakini ilikuwa chini hivyo. Wengine walikuwa mlangoni, wanapiga kelele. Yeye alisema chini hivyo."

Nilikuwa nimelipwa miaka minne kusikia sauti na kusema ukweli wake.

"Mtu anayetaka kukuua hakunong'onezi," nikamwambia. "Alikuwa anawaficha wenzake kwamba upo."

Alilia kama wanaume wa kwetu wanavyolia, uso ameugeuzia ukutani. Relini ikapita treni, akatumia kelele yake kuficha kilio. Kisha akaondoka akale.

Sikurudi jikoni, na Opio hakurudi kwao. Ile drumo imebaki katika filamu. Msidhani Wadroma wamekuwa wema. Wanachoma mji wote, na wanaochukuliwa hawarudi, kama baba yake Mkurugenzi. Sikuja kuwasafisha. Nilichofanya ni kuhamisha ukurasa wa nyuma wa daftari la Mercy ukakaa mbele, pamoja na mengine.

Sasa nimestaafu, magoti hayapandi tena ngazi. Wale mnaotunga lugha kwa kompyuta mnaniuliza siri ya kazi. Jerikani na posho mnaweza kuacha. Lakini lugha ya adui yenu, kabla hamjaitoa kwa watu, isemeni kwanza karibu na sikio la mtoto. Ikishindwa hapo, hamjatunga lugha, mmetunga kelele.

Wiki iliyopita nilikuwa nachambua mchele kwangu Nateete nikasikia mtu langoni, anapiga hodi kwa Kiswahili kibovu, kwa sauti ya juu, majirani wanachungulia.

"Hodi hapa! Mimi nakuja salimia jjajja yangu!"

Nilimtambua, ni Mkurugenzi, amerudi Nateete ya utotoni mwake. Nikaweka ungo chini taratibu, nikamwacha apige hodi mara ya pili.