Kichwa cha Mtoto wa Dada

Dada yangu alifariki mtoto wake akiwa bado mchanga. Ukimwi ulikuwa umeshafunga milango ya nyumba nyingi huku kwetu Kamachumu. Nikamchukua binti yake, mimi ambaye sijazaa. Alikuwa amezaliwa kwa taabu, kichwa kirefu kilicholalia upande mmoja, na chupa ilimshinda. Maziwa yalimtoka pembeni mwa mdomo.

"Huyu anamfuata mama yake," alisema mjomba wangu. "Usijichoshe, mwanangu."

"Hajafa waitu, mjomba. Nitachoka akishapona."

Nikasikia kwamba Ijuganyondo, nje kidogo ya Bukoba mjini, kuna daktari mgeni, mama wa makamo, anayetibu mifupa kwa mikono mitupu. Nilimfunga mtoto kifuani, nikapanda lori la kahawa.

Daktari alinawa, akaketi, akakiweka kile kichwa viganjani mwake. Nilingoja achue. Hakuchua. Alitulia tu, macho kayafumba, mpaka nikashikwa na hasira.

"Hiyo ndiyo dawa?"

"Mifupa ya kichwa chake haijaungana," alijibu. "Wakati wa kuzaliwa hupandana ili mtoto apite, kisha hurudi polepole. Sisi wa tiba hii tunaamini hata ya mtu mzima hucheza, kidogo sana. Madaktari wengi wanatubishia."

Akavishika vidole vyangu, akaviweka juu ya utosi wa mtoto. Palikuwa laini, panadunda.

"Huo ni mfupa?"

"Hapana, hiyo ni damu inapita. Mifupa yenyewe ni vigumu kuihisi."

"Basi mimi siihisi."

Akacheka. "Mlishe kwa kijiko. Na mtu yeyote asikifinye kichwa hiki akidhani anakinyoosha."

Hilo nililielewa. Nilimlisha tone kwa tone, akitapika naanza upya. Wanawake walikuja na vitambaa vya moto wamkande kichwa. Niliwazuia mlangoni, wengine wakanuna. Ijuganyondo nilirudi kila nilipopata lori. Kichwa kikapata mviringo, na asubuhi moja akakivuta kijiko kwa nguvu hadi nikaogopa atakimeza. Kama ni mikono ya yule mama, au mifupa ilirudi yenyewe, sijui hadi leo.

Hofu kwamba damu yake ina ugonjwa wa mama yake ilibaki. Alipokuwa darasa la pili nilimpeleka mwenyewe kupimwa damu. Hakuwa na virusi. Tukapita sokoni, tukanunua senene, wale panzi wa kukaanga, tukala tukitembea.