Maharage Yaliyohesabiwa Mara Tatu

“Gunia la kunidanganya mimi halijashonwa,” anasema Mama Hesabu.

Ni saa mbili asubuhi, Jumatano, katika soko dogo la ng'ambo ya mto. Mkononi ana bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji katikati: unachoma gunia, unachomoa, punje chache zinateremka kiganjani zikueleze yaliyomo ndani. Anachoma. Anatazama. Ananusa. “Mtama. Mkavu. Andika moja.” Wa kuandika ni yeye mwenyewe. Msaidizi hana, ila kujiamrisha amekuzoea.

Ana miaka arobaini na tatu, viatu vya mvua msimu wote, na kazi ambayo ukiisikia utadhani ni mchezo: kuhesabu chakula. Analipwa kwa siku, na siku anayougua haihesabiwi. Kila wiki anazunguka masoko matatu, na tarakimu zake zinapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, kwenye kamati ya mpango wa chakula wa kanda. Mpango huo ndio unaosema nani ana ziada, nani ana upungufu, na ghala lijengwe wapi ili mambo yakiharibika watu wote wapate kula, siyo walio karibu na lami peke yao.

Kwenye karatasi mpango unapendeza kweli. Kurasa themanini na sita, jalada la kijani.

“Shemeji, choma taratibu, hilo lina mimba!” anapaza sauti muuza mtama.

“Lingekuwa na mimba ningeshajua ni ya nani,” anajibu bila kugeuka. Soko zima linacheka.

Anafika kwa muuza maharage, mama mnene mwenye kanga mbili kiunoni. Anainua bambo, na mkono unasimama hewani. Gunia lina matundu mawili tayari. Kila tundu limezibwa kwa kisokoto cha karatasi ya daftari yenye mistari. Katika masoko hayo matatu, mwenye bambo ni mmoja tu. Na daftari ni lake.

“Gunia hili limetoka wapi?”

“Shambani, mama. Litoke wapi tena?”

“Shamba gani lina bambo?”

Muuza maharage anakohoa. Anachunguza mawingu. Mwishowe anatema yote. Mwaka juzi ofisi ya mpango wa chakula ilitangaza kwamba soko lisilofikisha magunia sitini litafungwa. Basi masoko yakaanza kuazimana. Jumatatu magunia yako stendi, Jumanne soko kuu, Jumatano yanavuka mto kwa lori lilelile.

“Huwa tunageuza tundu chini, kwa adabu tu,” anasema. “Leo lori limechelewa. Lakini si ulikuwa unajua? Mtu anachoma gunia moja mara tatu kwa wiki, asijue? Sisi tulisema huyu mama ana huruma.”

Mama Hesabu anakaa juu ya gunia. Kuitwa mjinga angevumilia. Kuitwa mwenye huruma kumemmaliza.

Na hapa mambo yanaacha kuchekesha. Mvua zilizopita mto ulizoa daraja la mbao, na kaya mia sita za ng'ambo zikakaa siku kumi na tisa bila lori. Ofisi haikupeleka hata kopo la unga, maana kwenye mpango upande huo ulisomeka una ziada: magunia sitini na mawili. Yaliyokuwa yao kweli yalikuwa kumi na moja.

Dada yake mkubwa anaishi huko. Siku ya kumi na mbili alibandika maharage ya mbegu.

“Umeshawahi kula mbegu?” Mama Hesabu anamuuliza mwandishi wa gazeti anayefuatana naye. “Unatafuna huku unaona shamba la mwakani linateremka kooni.”

Sasa limepatikana ghala moja, moja tu, kwa kanda nzima. Kwa tarakimu zake, kamati imeamua lijengwe kando ya lami.

Alhamisi anapanda ghorofa ya pili. Mwenyekiti wa kamati, mwenye tai na sauti isiyohitaji kipaza sauti, anamsikiliza bila kufungua kalamu.

“Mama, mpango umeshagongwa muhuri.”

“Basi muhuri umegongwa juu ya magunia hewa.”

“Wataalamu wamekaa miezi minane.”

“Wamekaa, sawa. Hakuna hata mmoja aliyesimama akavuka mto?”

“Kando ya lami, mgeni akija analiona.”

“Mzee, ghala ni la chakula au la kupigia picha? Daraja likienda, watu wa ng'ambo watatafuna lami?”

Mwenyekiti anavua miwani, anaipangusa, anaivaa tena. Wajumbe wanapendekeza kamati ndogo. Kamati ndogo inapendekeza chai. Saa tatu zinapita ndipo Mama Hesabu anatoka na kile alichoweza kukamua: ujenzi usimame wiki mbili, magunia yahesabiwe upya. Akithibitisha kwamba ng'ambo hakuna kitu, ghala linavuka mto. Asipothibitisha, linabaki lamini. Mvua zinatarajiwa baada ya wiki saba.

Jumamosi, jikoni kwake, mpango wa Mama Hesabu umeenea nyuma ya bahasha moja. Jumatatu masoko yote matatu yahesabiwe kwa pamoja, saa mbili kamili, na walimu wawili walio likizo wamsaidie. Lori liegeshwe mbele ya ofisi, ufunguo ukae mfukoni mwake. Na lile tangazo la magunia sitini lifutwe, “maana ukimtishia mtu kumfungia soko, atakuonyesha hata magunia ya kokoto.”

Dada yake mkubwa amevuka mto asubuhi kuja kumtembelea. Ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele. Mama Hesabu anamimina chai, amechangamka. Kamati ameiweza, na gazeti linamsikiliza.

“Mimi siyo mtu wa kuficha kosa,” anasema. “Tarakimu zilikuwa zangu, sahihi yangu. Jana nimevuka mto mwenyewe, nyumba hadi nyumba, nikawaomba radhi. Hakuna kaya ng'ambo ambayo haijasikia kwa mdomo wangu kwa nini msaada haukufika.”

Vidole vinavyochambua mchele vinatulia.

“Mdogo wangu,” anasema dada yake polepole, macho yakiwa bado kwenye ungo. “Kumbe ni wewe?”