Dada Yangu na Dhambi ya Ndoo

Dada yangu ni msusi, na kabla sijaanza kumsema niseme hili: mkono wake hauna mpinzani. Na mdomo nao! Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kirefu, lakini enzi zile akianza kusimulia, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alicheka bila kuvuka. Tulimwita Redio.

Sasa, mtaa wenye bomba linalokatika ovyo una sheria yake. Msusi hafungui kopo la dawa ya kulainisha nywele kabla hajajaza ndoo, maana dawa ile ikikawia kichwani inaunguza. Dada aliijua sheria hiyo, aliwagombeza wasichana wake wa saluni kwa ajili yake. Lakini siku ya kuamkia harusi yangu, nimeketi kitini, dawa imeenea kichwa kizima, mteja mmoja akaingia na habari motomoto za uchumba uliovunjika. Redio ikakolea. Nikasema, "Dada, inawasha." Akasema, "Vumilia, bibi harusi, urembo ni kazi." Nilipopiga yowe ndipo akafungua bomba. Likakohoa, likanyamaza. Ndoo tupu.

Alikimbia mtaa mzima pekupeku akiomba maji, analia kuliko mimi niliyeungua. Kidonda kilipona, ila juu ya sikio la kulia pakabaki kipara, upana wa kisahani cha kikombe. Niliolewa na kitambaa chini ya shela, na nilipendeza, msibishe. Dada nilimsamehe kabla keki haijakatwa. Mume wangu mpaka leo hukiita kile kipara uwanja wa ndege.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekataa kusamehewa. Redio ikazimika. Aliendelea kusuka, maana watoto wake wangekula nini, lakini maharusi aliwaelekeza kwa wenzake. Kila sikukuu aliniletea kitambaa cha kichwa, nami nikavivaa ili asijisikie vibaya. Na kila Jumapili, mchungaji akiita wanaotaka kutubu, dada yangu huyo mbele, magoti chini, dhambi ile ile ya ndoo. Wahudumu walimzoea hata wakawa wanamwachia nafasi.

Nilivumilia miaka yote hiyo. Kisha binti yangu akapata mchumba, na mtoto yule ana kichwa kigumu kama baba yake. "Atakayenitengeneza nywele ni mama mkubwa," akasema, "la sivyo naolewa hivi hivi, timtim!"

Dada akakataa. Tukambembeleza, akakataa huku anatetemeka. "Mikono hii? Kwa mtoto wako wewe? Mungu anionee huruma." Niliumia, kweli niliumia. Niliona kwamba asipoweza kumshika huyu, basi atazikwa na ndoo yake.

Jumapili iliyofuata mchungaji akaita. Dada akaenda. Nikasema potelea mbali, nikanyanyuka, nikasimama kando yake.

"Na wewe mama, unatubu nini?" mchungaji akaniuliza.

"Mimi situbu, baba. Nimekuja kushitaki. Huyu dada yangu anamsumbua Mungu!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji akajikaza asicheke, akamwinamia dada. "Ni ile ile?"

"Ile ile, baba mchungaji."

"Yesu alipokufa msalabani alibeba dhambi zetu zote, au hii ya ndoo aliiacha?"

"Alibeba zote."

"Na mwenye kichwa, alikusamehe?"

"Zamani!" nikadakia.

"Basi nani bado anakudai? Leo sikuombei toba, mama. Leo shukuru tu."

Jamani, hakujua kushukuru! Akafungua mdomo, "Bwana, nisa..." Mchungaji akatikisa kichwa. Akaanza tena, akakwama. Nikamshika mkono. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Asante, Yesu. Asante kwa kuwa deni limekwisha." Akalia, nami nikalia, halafu katikati ya machozi akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu niolewe. Kina mama wakapiga vigelegele na kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa.

Siku ya harusi tulifika saluni alfajiri, tukakuta amejaza ndoo, mabeseni, mpaka birika la chai. Nikamtazama. "Unanitazama nini? Kusamehewa si kuwa mjinga," akasema. Kisha akaingia kazini, anaimba, anasimulia, anamgombeza bibi harusi: "Tulia wewe, kichwa kama feni!" Alipomaliza, mwanangu alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, akajitazama tena. Nilifurahi mpaka nikaogopa kuharibu poda.

"Na wewe mdogo wangu, kaa," dada akaniambia. Akanivua kitambaa. Vidole vyake vikapita juu ya kipara, taratibu, wala havikutetemeka.

"Nikifiche?"

"Ukifiche ili iweje?"

Akanisuka nywele zote kuelekea nyuma, kipara kikabaki wazi.

Kule ukumbini mama wa bwana harusi akauliza kwa sauti ni nani huyo fundi aliyemtengeneza bibi harusi. Nikafungua mdomo kujibu, lakini dada alikuwa ameshasimama.

"Mimi!" akasema. "Na mama yake huyu hapa, naye ni kazi yangu." Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza upande ili watu wote waone.