Nilivyoifunika Simu

La, kuifunga simu najua, usinifundishe. Kwetu huku ghuba ya Tungue chombo ukishakitumia unakifunika, chungu, mtungi, hata kisahani cha chumvi. Kikilala wazi shetani anatia ulimi. Sasa simu nayo si chombo?

Binti yangu alisomea Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, kutengeneza programu za simu. Gesi ilipoonekana baharini, wakaja watu wa serikali kutuambia tutahamishwa. Mmoja nilimwiga mpaka majirani wakalia kwa kucheka: kidevu juu, mkono kifuani, "Mamã, paciência, eh? Subira!" Nawaiga wote mie. Shehe anayekohoa kabla ya kila neno, muuza samaki, hata binti yangu mwenyewe: "Pronto, basi, mama, usiguse!" Mume wangu tu sikumwiga. Mume haigwi.

Binti akatutengenezea programu ya kuweka sauti za kijiji kabla hatujahama. Unagusa picha ya nyumba, mwenyewe anaongea. Mwanzoni ukiilaza simu ubavu, ulichoweka chote kinapotea. Akanieleza:

"Simu ikigeuka, mama, kioo kile kinakufa, kinazaliwa kingine. Lazima cha kwanza kimfungie mwenzie kifurushi cha ulichoweka."

Akakifunga. Ukiigeuza, ukipigiwa, ukirudi unakuta pale pale ulipoachia.

"Kumbe ina akili kumshinda mjomba wako," nikamwambia.

Wa mwisho kuongea alikuwa mume wangu. Akaitaja minazi yetu mmoja mmoja, mpaka ule alioupanda tulipomzika mtoto wetu wa kwanza. Binti akaniachia simu, akarudi Pemba kazini, akija atamalizia. Tukamsikiliza humo sisi wazee wawili, tukacheka, mume wangu akasema, "Mie huyo? Mbona naongea kama mbuzi!" Kisha nikaifunika: nikakisukuma kioo juu kwa kidole, kikaondoka.

Binti alirudi kwa maziko ya baba yake. Akagusa picha ya nyumba yetu. Kimya. Za majirani zote zipo.

"Zao nilishaziweka ghalani mwa simu," akasema. "Ya baba ilikuwa kwenye kifurushi tu. Ukiifunga mwenyewe, mama, simu inakitupa."

Alilia mpaka akakosa pumzi. Basi nikakaa kama alivyokaa marehemu, goti juu, nikaishusha sauti mpaka kifuani. Bonyeza, nikamwambia. Nikaitaja minazi, mmoja mmoja. Wallahi nilidhani nimempata.

Binti akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Futa, mama. Huyo si baba."